Kiti kidogo ndani ya ngome ya wengine

Ngome ni jengo la vita. Aliyewahi kusimama chini ya kuta za Ngome ya Yesu mjini Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, anaijua maana ya neno hilo bila kufungua kamusi: ukuta mnene, mizinga, na lango linalolindwa. Ajabu ni kwamba neno hilo hilo ndilo tulitumialo, redioni na magazetini, kutaja mahali ambapo watu wengi wanapenda chama kimoja. Tukisema kaunti fulani ni ngome ya chama fulani, tumekwisha kuamua, kabla ya kura kupigwa, kwamba jirani anayependa chama kingine ni adui aliyepenya ukutani.

Nimelitafakari sana jambo hili tangu mwalimu mmoja mstaafu wa kijijini kwetu alipoamua kuwania ukatibu wa kamati ya wadi ya chama ambacho pale kwetu hakijawahi kupata kiti chochote. Alinijia na daftari, akaniomba nimpitishie macho maneno aliyokusudia kuwaambia wanachama wenzake. Mimi mwenyewe singeweza kuwania. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inamkataza mtumishi wa umma kushika wadhifa wowote chamani, au hata kutangaza hadharani chama anachokiunga mkono. Walimu mnaolipwa na TSC, sheria hiyo inawahusu pia. Nilimwambia, "Mwalimu, maneno ni yako. Mimi nitagusa sarufi tu." Sarufi, nadhani, bado haina chama.

Wengi walimcheka. Wengine hawakucheka. Mwenye duka alimwomba, kwa adabu kubwa, asiketi tena kwenye benchi lake mpaka uchaguzi upite. Kilichonishangaza ni swali walilomwuliza. Hakuna aliyetaka kujua anaamini nini. Walitaka kujua ametumwa na nani. Tena walimwita mpinzani, ilhali chama chake wakati ule kilikuwa kimo serikalini. Naam, katika eneo la upinzani, mpinzani ni yule anayeiunga mkono serikali!

Hofu hii haikuzuka jana. Katika uteuzi wa KANU wa mwaka 1988 wananchi walipanga mlolongo nyuma ya mwaniaji au picha yake, mchana peupe, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Kila mtu aliuona mgongo wa jirani yake na mahali ulipoelekea. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa, vyama vingi vikarudi, lakini papo hapo sehemu za Bonde la Ufa zikatangazwa kuwa zoni za KANU. Ghasia zilizoanza mwaka huo ziliua mamia ya watu, na mwaka 1992 baadhi ya wawaniaji wa upinzani walizuiwa hata kuwasilisha karatasi zao. Upande wa pili nako, katika Mkoa wa Kati, Rais Moi alipata takribani asilimia 2 ya kura. Aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la KANU huko hakuwa na usingizi mtamu.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuzibomoa kuta hizi. Ibara ya 91 inakataza chama kuasisiwa kwa misingi ya kabila, eneo, dini, na (jambo linalonigusa kikazi) lugha. Ili kusajiliwa kikamilifu, chama sharti kiwe na wanachama wasiopungua 1,000, ambao ni wapigakura, katika kila kaunti kwa zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47. Naye anayetaka urais sharti apate angalau robo ya kura katika kaunti 24. Kwa hiyo kila chama kikubwa kinawahitaji watu katika makao ya wapinzani wake.

Lakini je, kinawahitaji watu au majina? Mwaka 2021 Wakenya wengi walipekua sajili mtandaoni, wakakuta wameandikishwa katika vyama wasivyovijua. Na kamati za mashinani, hasa pale ambapo chama hakitarajii ushindi, aghalabu hujazwa kwa simu kutoka Nairobi. Hilo ndilo Mwalimu alilolikataa. Walikuwa wamekwisha kumteua kijana mmoja mwenye mzigo wa fulana. Mwalimu akasema wadhifa hautaki akipewa. Anautaka akipigiwa kura.

Wanachama 31 walikusanyika uani kwake siku ya Jumamosi. Karatasi za kura zilikatwa kutoka daftari la mazoezi, zikatiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mwalimu alipata 17, kijana 14, na fulana zikagawanywa hata hivyo.

Jambo la kwanza kamati ilifanya ni kumwandikia mwakilishi wa wadi, wa chama kile kikubwa, kumwuliza orodha ya wanafunzi waliopewa basari mwaka uliotangulia ilitayarishwa vipi. Swali hilo halikuwahi kuulizwa kwa maandishi katika wadi yetu, kwa kuwa waliokuwa na haki ya kuliuliza wote walikuwa wa chama kimoja na mwenye orodha. Mwenye duka, ambaye bintiye hakupata basari hiyo, aliisoma nakala mara mbili kisha akaikunja na kuitia mfukoni. Benchi sasa liko wazi kwa kila mtu.

Jibu la barua halijafika.