Ndani ya Ganda

Msimu wa korosho ukifika Masasi na Newala, gunia halisifiwi kwa maneno. Mkaguzi wa ubora huchota sampuli, akazipasua korosho kwa kisu moja moja, kisha akapima: zimetoka paundi ngapi za kiini kizuri kwa kila kilo 80? Ganda linaweza kung'aa huku ndani kumeoza.

Mwajiri wa mwalimu hana kisu hicho. Ana karatasi. Kwa miaka mingi mhitimu wa vyuo vya Ndwika au Kitangali aliomba ajira serikalini, akasubiri kupangiwa kituo. Mwaka 2025 waombaji wa ualimu waliitwa kwenye usaili chini ya Sekretarieti ya Ajira, na wengi wao walikutana kwanza na mtihani wa mchujo. Je, alama za mtihani huo zinabashiri mwombaji atakavyofundisha?

Zinabashiri, ila kidogo kuliko ilivyoaminika. Mwaka 1998 Wamarekani Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha tafiti za miaka 85. Kwenye kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kupatia kila mara, mtihani wa uwezo wa akili ulipata 0.51, miaka ya kukaa shuleni, 0.10 tu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu, mtihani ukashuka hadi 0.31. Ulipitwa na mahojiano yanayomuuliza kila mwombaji maswali yaleyale (0.42), na pia na mtihani wa maarifa ya kazi yenyewe (0.40).

Kwa nini hesabu ya awali ilipanda mno? Wanaofuatiliwa kazini ni waliofaulu. Aliyeanguka hakupewa chaki, kwa hiyo hakuna ajuaye angefundishaje. Watafiti hulijaza pengo hilo kwa makadirio, na kwa maoni ya Sackett makadirio hayo yalizidishwa.

Alama zenyewe nazo hutikisika. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Mwaka 2013 serikali iliyafuta, yakapangwa upya. Karatasi zilikuwa zilezile, mikono ileile, lakini wapo waliolala na sifuri wakaamka na cheti.

Mchujo hautaondoka, maana waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Kuutupa kungefungulia mlango undugu na kujuana, jambo baya zaidi. Kosa liko katika kumwona mwenye 78 kuwa bora kuliko mwenye 71. Wakishavuka mstari, wapimwe kwa kazi. Muuguzi anayeomba nafasi katika Hospitali ya Mkomaindo aoneshe anavyotafuta mshipa kwenye mkono wa sanamu ya mafunzo. Mwalimu apewe darasa la tatu, dakika 20 na hesabu za kutoa kwa kukopa, msaili akiwa amekaa dawati la nyuma, akiwatazama watoto.