Maziwa ya mama, maji ya Meru

Mzazi akirudi nyumbani kutoka hospitali hapa Arusha, nyumba haipungui watu wiki nzima. Jirani analeta mtori kwenye hotpoti, shangazi analeta kitenge na sabuni, mama mkwe anashuka kutoka Nkoaranga na mkungu wa ndizi. Maswali yao yanajulikana: mtoto ana kilo ngapi, ananyonya vizuri, usiku analala, amefanana na nani. Sijawahi kusikia mgeni akiuliza maji ya nyumba hiyo yanatoka wapi. Chini ya Mlima Meru, hilo ndilo swali ambalo lingetangulia.

Mlima huu ndio unaotulisha. Udongo wake wa volkano unaotesha ndizi, kahawa na mahindi, na mifereji yake imewanywesha Wameru na Waarusha vizazi kwa vizazi. Lakini miamba hiyo hiyo ina madini ya floraidi, na maji yakipita ndani yake huyabeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Upande wa Ngarenanyuki yamepimwa maji yenye zaidi ya mara 10 ya kiwango hicho. Tena hali haifanani kila mahali: chemchemi mbili za jirani zinaweza kupishana sana, moja ikawa salama na nyingine haifai, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Meno ya kahawia sote tunayajua. Tunamjua pia kijana anayefunika mdomo kwa kiganja anapocheka, na wapo waliokunywa maji makali zaidi tangu utotoni, miguu yao ikapinda. Linalosahaulika ni wakati madhara yanapoingia. Meno ya mbele ya utu uzima huanza kujengeka ndani ya taya katika miezi ya kwanza ya maisha, miaka mingi kabla hayajachomoza. Mzazi anayeshtuka mtoto akiwa darasa la kwanza anaona kitu kilichoanza mtoto akiwa bado anatambaa.

Hapo ndipo maziwa ya mama yanapopata uzito wa pekee katika eneo hili. Hata mama anapokunywa maji yenye floraidi nyingi, kinachoingia kwenye maziwa yake ni kidogo sana. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima hayana kinga hiyo. Mtoto anakunywa yote yaliyomo, mara kadhaa kwa siku, na mwili wenyewe ni wa kilo tano. Wapo kina mama ambao kwa ugonjwa au sababu nyingine hawawezi kunyonyesha, na hao hawastahili kusemwa; wanachohitaji ni maji yaliyopimwa. Ushauri wa kunyonyesha miezi 6 bila kumpa mtoto kitu kingine hutolewa dunia nzima kwa ajili ya kuhara, nimonia na lishe. Sababu hizo zipo hapa pia. Sisi tuna moja ya ziada, na kwa maoni yangu inatosha kubadili namna nyumba ya Arusha inavyojipanga mtoto anapozaliwa.

Miezi 6 si mchezo. Wiki za mwanzo mtoto analia jioni kuanzia saa mbili hadi karibu saa sita, anajikunja, anakuwa mwekundu, na hakuna anayejua ana nini. Mmoja anasema chango, mwingine anasema amevalishwa nguo chache. Baba anatumwa duka la dawa kabla halijafungwa. Bibi anamchukua, anamlaza kifudifudi juu ya mapaja, anamsugua mgongo kwa kiganja kilichopashwa moto, na kwa dakika kumi nyumba inatulia. Kisha kilio kinaanza upya, ndipo bibi anaposema, "Mwanangu, huyu ana kiu. Mpe walau kijiko kimoja cha maji." Binti anajibu kwa sauti ya chini, "Mama, nesi amesema maziwa yanamtosha." Bibi hajibu kitu. Amelea watoto wake wote kwa kijiko hicho, na wako hai.

Nesi yuko sahihi: zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, na hata siku ya jua kali mtoto mchanga hahitaji mengine. Lakini namhurumia binti huyu, kwa sababu amepewa ujumbe autetee peke yake mbele ya mtu anayemheshimu kuliko wote, tena saa tano za usiku akiwa hajalala. Kliniki zetu humwita mama na kadi yake, mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, uzito unaandikwa, ushauri unatolewa. Bibi aliyekuja amebeba mfuko wa nepi anabaki kwenye benchi nje. Yeye ndiye atakayekuwa na mtoto kutwa nzima baada ya miezi michache. Aitwe ndani, aamkiwe, aelezwe habari ya maji na meno, naye ataelewa upesi kuliko tunavyodhani, kwa kuwa meno hayo ameyaona kwa wajukuu wengine.

Halafu inakuja siku ya kurudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Baba ana siku 3. Likizo ya mama inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, na aliyeanza mapema kwa sababu miguu imevimba anabaki na siku 56 tu na mtoto wake. Tuseme hata hakuanza mapema. Chanjo za mtoto ziko kwenye kadi: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Likizo inakwisha wiki ya 12. Sindano ya wiki ya 14 inamkuta mama akiomba ruhusa kwa mkuu wake wa kazi, na miezi 6 ya kunyonyesha ndiyo kwanza imevuka nusu.

Sheria hiyo hiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Ni haki nzuri, na anayefanya kazi Sekei huku akiishi Sanawari anaweza kuitumia. Lakini mji huu unaishi kwa utalii na mashamba. Mpishi wa hoteli ya porini Serengeti yuko mbali na nyumbani kwa wiki kadhaa mfululizo. Saa hizo mbili hana pa kuzipeleka. Aliyepanga Muriet na anafanya kazi shamba la maua upande wa Usa River anazimaliza barabarani, akibadilisha vifodi.

Kwa hiyo mama anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Ananawa mikono kwa sabuni, anakaa ukingoni mwa kitanda, anakinga kikombe kilichochemshwa na kuanza kukamua kwa vidole, kidole gumba juu, vingine chini, nyuma kidogo ya weusi wa chuchu. Matone ya kwanza yanachelewa. Akiwa na wasiwasi wa kuchelewa kazini yanachelewa zaidi. Yakishaanza kuruka anahamia titi la pili, kisha anarudi la kwanza, na baada ya nusu saa kikombe kimefika nusu. Kwenye baridi ya kawaida ya Arusha maziwa hayo yanakaa chumbani hadi saa nne baada ya kukamuliwa, na kwenye friji siku kadhaa. Mtoto atanyweshwa kwa kikombe kidogo, taratibu, kwani chupa ni ngumu kusafisha. Saa sita mchana matiti yamejaa tena na yanauma, na kazini hakuna chumba chenye mlango unaofungwa isipokuwa choo. Mwajiri anayetaka kusaidia aanze na hapo: kiti, komeo, bomba la kunawia. Friji ya chai ipo tayari.

Aliyebaki na mtoto, bibi asipokuwepo, ni dada wa kazi. Mara nyingi ni binti aliyetoka Singida au Mbulu, amefundishwa kazi zote kwa siku mbili, na usiku aliamka kila mtoto alipolia kama alivyoamka mama mwenyewe. Kikombe kikiisha saa saba na mtoto analia, afanye nini? Akikoroga chochote kwa maji ya bomba, kosa si lake. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna maji ya kufulia na maji ya mtoto. Aambiwe mapema, aonyeshwe, apewe namba ya kupiga simu na salio la kupigia, na apate muda wa kulala mchana. Usalama wa mtoto umo mikononi mwake kwa saa nyingi kuliko mikononi mwa daktari yeyote.

Muuza ndizi wa soko la Kilombero hana likizo ya kuhesabu. Anarudi kwenye meza yake mapema kuliko mwili unavyotaka, mtoto mgongoni, na ananyonyesha kutwa. Kwa maziwa mtoto yule ana bahati kuliko wa ofisini. Kwa vumbi na manyunyu hana, na masoko yetu hayajawahi kujengwa kwa kumfikiria.

Niseme neno juu ya baridi pia, kwa kuwa Juni na Julai ukungu unashuka hadi Ngarenaro na watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani kwa mtoto, madirisha yamefungwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na inaua watu usingizini. Mtoto akae kifuani kwa mama au kwa baba, ngozi kwa ngozi, afunikwe blanketi na kofia. Jiko libaki nje.

Kuhusu sheria, mlango umeanza kufunguka. Katika Mei Mosi ya kitaifa ya 2024, uwanja wa Sheikh Amri Abeid hapa hapa Arusha, serikali ilitangaza kuwaongezea likizo kina mama waliojifungua watoto njiti. Hatua hiyo ilikubali kwamba siku 84 si kipimo kinachomfaa kila mtoto. Vyama vya wafanyakazi vinaweza kuisukuma mbele katika mikataba ya hiari, kwa sababu sheria imeweka kiwango cha chini na haimzuii mwajiri kutoa zaidi.

Mtoto akifika mwezi wa saba uji unaingia, na swali la maji linarudi kwa nguvu zote. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Mvuke ukipotea, kinachobaki sufuriani kina floraidi nyingi zaidi kwa kila lita. Magadi yanayolainisha makande na kiburu nayo yana floraidi, hivyo chakula cha mtoto kipikwe kando bila magadi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi juu ya vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mradi mkubwa wa maji wa jiji, wa shilingi bilioni 520, ulibuniwa pamoja na mambo mengine kuleta maji yenye floraidi kidogo. Anayeishi nje ya mabomba hayo ana mvua. Maji ya mvua ya masika hayajapita kwenye miamba ya Meru. Yakivunwa kwenye bati safi, ya kwanza yakaachwa yamwagike, kisha yakachemshwa, yanamfaa mtoto.

Ubatizo na ubarikio hapa kwetu huchangisha fedha nyingi kwa turubai, vyakula na muziki wa siku moja. Sehemu ndogo ya michango hiyo inanunua tenki la lita 1,000 na mfereji wa bati. Uji na maji ya kunywa ya mtoto mmoja, hata tukikadiria lita 3 kwa siku, havimalizi tenki hilo kwa miezi 10, na katikati ya hapo vuli itakuwa imelijaza tena.