Kabla ya nusu kaputi ilikuwa pombe ya ndizi

Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, akichanwa kiganja na bati, hospitalini hupigwa sindano ya ganzi na kushonwa huku akizungumza kwenye simu. Tumeshazoea hivyo, kiasi cha kusahau kwamba zamani mgonjwa alishikwa kwa nguvu.

Mwaka 1879 Robert Felkin, tabibu na mmisionari kutoka Uingereza, alikuwa Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo. Huko alishuhudia mwanamke wa miaka kama 20, mimba yake ya kwanza, akipasuliwa ili mtoto atolewe. Kwa maelezo yake, mama huyo alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akawa nusu mlevi, akafungwa kitandani kifuani na mapajani kwa vitambaa vya magome ya mti, na mtu akamshika vifundo vya miguu. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, akaosha na tumbo la mgonjwa, ndipo akapasua. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Jeraha likabanwa kwa pini saba za chuma. Felkin alikaa siku 11, na mama na mtoto wakawa hai.

Huo ulikuwa utabibu wenye ujuzi, na unastahili heshima. Ila pombe hulegeza tu, haiondoi maumivu, ndiyo maana mama alifungwa.

Kwingineko dawa ya usingizi, yaani nusu kaputi, ilikuwa imeshapatikana. Oktoba 16, 1846, mjini Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, akapasuliwa uvimbe shingoni. Mvuke huo hupita mapafuni, ukaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Mwaka uliofuata James Simpson wa Edinburgh akaanza kutumia klorofomu, dawa nyingine ya usingizi, kwa wajawazito. Madaktari waliokuwa wakikata mguu mbiombio wakapata muda wa kufanya kazi kwa utulivu.

Lakini Januari 1848 Hannah Greener, binti wa miaka 15, alifia kwenye klorofomu akitolewa ukucha wa kidole cha mguu. Usingizi huu unataka mlinzi. Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu wa usingizi: kukaa kichwani pako akifuatilia pumzi, mapigo ya moyo na presha hadi uamke.

Nawe msaidie. Ukiwa usingizini, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni, na hilo huua. Kwa kawaida mtu mzima hukaa angalau saa sita bila chakula na saa mbili bila maji, fuata utakavyoelekezwa. Kama asubuhi ulipitia chai na chapati, usione haya: sema kabla hujaingia chumba cha upasuaji.