Nywele za Dhahabu Haziji kwa Kupaka Rangi Tu

Wiki mbili kabla ya sherehe ya kuagwa kwao, mpwa wangu alikwenda saluni moja hapa Dar es Salaam na nywele nyeusi ndefu, akarudi amejifunga kitambaa. "Mjomba, zinakatika," aliniambia. Aliomba rangi ya dhahabu, akatiwa siku ile ile aliyotiwa dawa ya kulainisha nywele.

Wengi wetu hudhani rangi ya dhahabu hupakwa juu ya nywele nyeusi kama ukuta unavyopakwa. Sivyo. Rangi nyepesi haionekani juu ya nyeusi. Lazima kwanza weusi wenyewe utolewe ndani ya unywele, kwa poda iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi. Nywele hugeuka nyekundu, kisha rangi ya chungwa, ndipo zifikie manjano. Nywele nyeusi sana huhitaji kurudiwa zaidi ya mara moja, na kupumzishwa majuma kadhaa katikati. Anayekuahidi kumaliza yote kwa saa moja mwogope, maana peroksaidi kali ya asilimia 12 huweza kuunguza ngozi. Dawa ya kulainisha nayo huvunja viungo vile vile vinavyoupa unywele nguvu, kwa hiyo zikitiwa pamoja unywele hauna kitu cha kuushikilia tena.

Mweleze msusi kila ulichowahi kutia kichwani, hata hina, kwani baadhi ya hina za dukani zina chumvi za madini zisizopatana na peroksaidi. Mwombe ajaribu kwanza kwenye kishungi kidogo cha kisogoni, na rangi yenyewe aijaribu nyuma ya sikio, msubiri saa 48. Akikasirikia maswali, chukua mkoba wako uondoke.

Halafu kuna gharama ambayo haitajwi siku ya kwanza. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, na mashina yatakuwa meusi. Utarudi saluni, tena na tena. Shampuu ya zambarau mara moja kwa wiki hupunguza umanjano. Pasi ya nywele iweke mbali. Ukienda kuogelea bwawani, lowanisha nywele kwa maji safi kwanza.

Mpwa wangu alinyoa zote, akaingia ukumbini na wigi. La rangi ya dhahabu, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko aliyolipa saluni.