Kabla ya Kupasuliwa Macho kwa Leza, Yajue Haya

Huenda wewe, msomaji, ni mmoja wa wale ambao kila asubuhi hupapasa kando ya kitanda wakitafuta miwani kabla hawajakanyaga sakafu. Ama una mwana chuoni anayekusihi umlipie upasuaji wa leza ili aachane na miwani kabisa. Sifa za upasuaji huu zinavutia: dakika chache tu, hakuna kushonwa, na kesho yake unaona. Mengi ya hayo ni kweli. Lakini kuna swali linalopaswa kutangulia lile la bei: je, jicho lako linafaa?

Mbele ya jicho pana utando mwangavu mfano wa kioo cha saa, uitwao konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Konea hupinda mwanga unapoingia jichoni. Upindaji huo usipolingana na urefu wa jicho, vitu huonekana kwa ukungu. Leza huichonga konea kidogo ili kuibadilisha umbo, kama fundi achongavyo lenzi ya miwani.

Teknolojia hii ina kisa chake. Mnamo 1981, watafiti wa kampuni ya IBM nchini Marekani waliijaribu leza hiyo kwa mabaki ya nyama ya batamzinga ya sikukuu, wakaona inakata bila kuunguza kando. Mwaka wa 1995, serikali ya nchi hiyo iliidhinisha leza ya kwanza ya kurekebisha uwezo wa kuona.

Njia mbili hutumika sana. Katika ile iitwayo PRK, daktari huondoa ngozi ya juu ya konea kisha huelekeza leza. Ngozi humea tena, ila utakuwa na maumivu kwa siku kadhaa. Katika LASIK, hufunuliwa kipande chembamba cha konea, leza hupitishwa chini yake, kisha kipande hurudishwa. Kuona hurejea upesi zaidi.

Kwa vyovyote vile, kilichochongwa hakirudi.

Ndiyo maana si kila mtu anafaa. Walio chini ya miaka 18 wangoje, pamoja na yeyote ambaye nguvu ya miwani yake imebadilika katika mwaka uliopita. Mama mjamzito au anayenyonyesha pia angoje, kwani vipimo vya macho yake vyaweza kubadilika. Mwenye macho makavu sana, baridi yabisi au kisukari kisichodhibitiwa amweleze daktari mapema, kwa kuwa kidonda chaweza kuchelewa kupona.

Hatari kubwa zaidi ni ugonjwa uitwao keratokonasi. Konea huwa nyembamba na kuchomoza mbele mfano wa pia. Ikipunguzwa kwa leza, huzidi kudhoofika, na huenda mgonjwa akahitaji kupandikizwa konea ya mtu mwingine. Ugonjwa huu huanza ujanani, umri uleule wa vijana kutamani leza, na unahusishwa na kusugua macho. Mzazi, ikiwa mwanao amekua akiwashwa na macho na kuyasugua, usilifiche jambo hilo kwa daktari.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa chochote, hakikisha umepimwa unene wa konea na kuchorwa ramani ya umbo lake kwa mashine. Wanaovaa lenzi ndani ya macho waziache kwanza, kwani hubadilisha umbo la konea: lenzi laini angalau wiki 2, na zile ngumu wiki 3 au zaidi kama daktari atakavyoagiza. Uliza pia atakayekupasua ni nani, na kama amesajiliwa na baraza la madaktari. Uliza ikiwa bei ni pamoja na ziara za baadaye, na kama bima yako italipa.

Siku yenyewe usipake wanja wala vipodozi, na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Baada ya hapo, usisugue macho wala kuogelea hadi uruhusiwe. Macho makavu ni jambo la kawaida kwa miezi kadhaa, na utatumia dawa ya matone. Usiku, taa za magari zaweza kuonekana zimezingirwa na duara za mwanga. Kwa wengi hali hii hupungua, lakini kwa wachache hubaki. Dereva wa usiku alifikirie hilo.

Usitarajie makuu kupita kiasi. Leza haitibu mtoto wa jicho wala glakoma, na haizuii miwani ya kusomea inayowapata watu wakishapita miaka 40. Tena, hifadhi vizuri karatasi za vipimo vyako vya kabla ya upasuaji. Ukija kupata mtoto wa jicho uzeeni, zitamsaidia daktari kukadiria lenzi ya kukuwekea.

Hatimaye, daktari akikuambia kwamba jicho lako halifai, usikimbilie kwingine kumtafuta atakayekubali. Huyo amekuhurumia. Miwani yaweza kuvuliwa, kubadilishwa, hata kupotea na kununuliwa mingine. Konea si hivyo.