Jino na Ufizi Wake

Mkazi wa Nyamagana alaye dagaa walioanikwa juu ya mchanga, kando ya Ziwa Viktoria, huitambua mara moja chembe ya mchanga iliyosalia katika mboga. Kabla hajafikiri, taya husita. Je, jino, lililo gumu kuliko mfupa, hupataje kuhisi kitu kidogo hivyo? Jibu limo hasa katika viungo vinavyolishika.

Sehemu za jino

Jino lina taji, ionekanayo kinywani, na mzizi, uliofichika ndani ya taya. Taji hufunikwa na enameli, kitu kigumu kupita vyote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Enameli haina seli hai, hivyo ikiharibika haioti tena. Chini yake imo dentini, na katikati kabisa umo uboho laini wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mzizi hauna enameli. Hufunikwa na tabaka nyembamba iitwayo sementi.

Jinsi jino linavyoshikwa

Ajuaye Mwamba wa Bismarck, uliopo ziwani kando ya mji wa Mwanza, ameona jiwe lililokaa juu ya mawe mengine kwa uzito wake tu. Jino halikukaa hivyo, wala halikupigiliwa katika mfupa kama msumari. Limening'inizwa katika tundu la taya kwa nyuzi nyingi fupi, zitokazo katika sementi na kuingia katika mfupa. Nafasi hiyo haizidi sana robo ya milimita. Nyuzi hizo hupunguza kishindo cha kutafuna, na kati yake imo mishipa ya fahamu ipimayo mkandamizo; hiyo ndiyo iitambuayo chembe ya mchanga. Juu yake ufizi huizunguka shingo ya jino kama ukosi, ukizuia vijidudu visipenye.

Ufizi utokapo damu

Ukoga, yaani utando wa vijidudu, ukiachwa mpakani mwa jino na ufizi, ufizi huvimba na kutoka damu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, wa Aarhus nchini Denmark, walieleza jaribio ambalo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno. Wote walipata uvimbe wa fizi katika siku 10 hadi 21. Waliporudia kusafisha, fizi zilipona.

Hata hivyo, wengi waonapo damu huacha kupiga mswaki mahali pale, wakidhani mswaki ndio uliowadhuru. Ukoga hupata nafasi, hushikamana na madini ya mate, ukawa ugaga mgumu uondolewao kwa vyombo vya tabibu wa meno tu. Kwa baadhi ya watu ugonjwa huteremka hadi kwenye nyuzi na mfupa. Navyo vikiisha kuliwa, havirudi vyenyewe. Ndipo jino lisilotoboka hata kidogo hulegea na kung'oka.

Mwanafunzi aweza kujichunguza kwa kioo. Ufizi wenye afya, uwe wa waridi au wa kahawia, hukaza na hautoki damu upigwapo mswaki. Ukitoka damu, usafishwe kwa upole kila siku; damu isipokoma baada ya wiki mbili, yafaa kumwona tabibu.