Usiku Mmoja Jangwani: Wahiba au Rub al Khali?

Uko Muscat, una usiku mmoja tu, na unataka kulala kwenye mchanga. Uende wapi? Uulize upepo.

Wahiba iko kama kilomita 200 tu kutoka mjini. Vilima vyake vikubwa vimejipanga kusini-kaskazini kama matuta ya viazi, vingine vikifika mita 100. Aliyevipanga ni kusi, ule ule uliosukuma majahazi kutoka Zanzibar kwenda Oman. Upepo ukishika njia moja, mchanga nao unajipanga mstari.

Rub al Khali ni habari nyingine. Huko pepo hubadilisha njia, kwa hiyo kuna vilima vya umbo la nyota: mchanga unasukumwa huku na huku, mwisho unarundikana kwenda juu. Vingine vinapita mita 200. Tatizo ni safari: wengi huingilia Salalah, kama kilomita 1,000 kutoka Muscat. Kwa usiku mmoja, utalala barabarani.

Basi chagua Wahiba, ila usiidharau. Upande unaopigwa na upepo hupanda polepole. Wa pili huporomoka kwa nyuzi 30 na zaidi. Ukiwa chini huoni ng'ambo, na gari likiruka kileleni linaweza kupinduka. Simama, shuka, chungulia kwanza. Nendeni magari mawili, na maji ya kutosha.

Na sweta je? Beba! Hewa kavu isiyo na mawingu haizuii joto. Jua likizama, linapaa lote angani.